Chipu Ni Nzima, Kifaa Hakisikiki: Umeme na Antena katika Vifaa Vidogo vya Bluetooth

Wanafunzi wa elektroniki katika vyuo vya ufundi vya kaunti sasa wanatengeneza vifaa vidogo vinavyotuma habari kwa simu kupitia Bluetooth: kipima joto cha tangi la maziwa, kipima kina cha maji, king'ora cha mlango wa stoo. Chipu zenyewe zimekuwa rahisi kupata na bei yake imeshuka. Lakini malalamiko yanayotufikia yanafanana. Kifaa kinafanya kazi vizuri juu ya meza ya karakana. Kikifungwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, kinanyamaza baada ya wiki mbili, au kinasikika tu ukisimama karibu nacho kabisa.

Katika maziwa huo si usumbufu mdogo. Tangi linatakiwa kushusha joto la maziwa hadi nyuzi 4 hivi na kulishikilia hapo. Umeme ukikatika usiku na kipima joto kisitoe taarifa, asubuhi lori la kiwanda linakuta maziwa yamechacha, na hasara inarudi kwa mkulima aliyekamua kabla ya jua kuchomoza.

Fundi akiletewa kifaa kama hicho, neno la kwanza huwa ni kwamba chipu ni mbovu, au ni bandia. Hununua nyingine, huichomea, nayo hunyamaza vilevile. Mara nyingi chipu haina kosa lolote. Kosa liko kwenye njia ya umeme kutoka kwenye betri hadi kwenye chipu, au kwenye kipande cha shaba kinachotoa mawimbi kutoka kwenye chipu hadi hewani. Hayo ndiyo mambo mawili ya somo hili. Tutatumia kipima joto cha tangi la maziwa kuwa mfano tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanakikundi asiye fundi naye asome, maana yeye ndiye anayelipia.

Betri inayopima vizuri na bado haifai

Kifaa cha aina hii hakitumii umeme kwa mfululizo kama balbu. Hulala karibu muda wote, kisha huamka kwa milisekunde 3 hivi, hutangaza joto lililopimwa, na kulala tena. Tuchukue chipu ya nRF52832 ya kampuni ya Nordic, ambayo imetumika sana. Ikilala hutumia mikroampia 2 hivi. Ikitangaza hutumia kati ya miliampia 5 na 12, kulingana na jinsi ulivyoilisha umeme. Tuseme 10. Yaani kwa kufumba na kufumbua mahitaji yake yanapanda mara elfu 5.

Betri inayowekwa mara nyingi ni CR2032, ile bapa ya duara inayokaa kwenye rimoti ya gari na ndani ya kompyuta. Ina volti 3 na ujazo wa miliampia-saa 220 hivi. Hesabu yake inavutia. Kifaa kikitangaza mara moja kila sekunde 5, wastani wa redio ni mikroampia 6. Ongeza 2 za usingizi, upate 8. Gawanya 220,000 kwa 8, nawe unapata saa 27,500, zaidi ya miaka 3. Ndiyo hesabu ambayo muuzaji huitaja.

Isichosema hesabu hiyo ni kwamba betri hii ina ukinzani ndani yake. Ikiwa mpya, ukinzani huo ni omu 10 hadi 20. Kadiri inavyozeeka, na hasa ikikaa kwenye baridi, huongezeka na unaweza kukaribia omu 100. Sasa zidisha. Miliampia 10 kupitia omu 20 zinapoteza volti 0.2 tu, na chipu haijali. Miliampia hizo hizo kupitia omu 100 zinapoteza volti 1 nzima. Betri iliyokuwa na 2.8 inaifikishia chipu 1.8, na chipu ya nRF52832 haitakiwi kushuka chini ya 1.7. Ikitetereka kidogo tu, chipu inajizima na kujiwasha upya, inajaribu kutangaza, inazima tena.

Fundi akiweka multimita anaona volti 2.8 na kuapa kwamba betri ni nzima. Multimita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo haiuoni ukinzani wa ndani. Dawa ni rahisi: weka rezista ya omu 300 kati ya ncha mbili za betri kwa sekunde moja huku ukisoma multimita. Rezista hiyo inavuta takriban miliampia 10, sawa na redio. Betri mpya hubaki karibu na pale ilipokuwa. Ikishuka chini ya volti 2.4 hivi, usiifunge ndani ya kifaa ambacho hutakifungua tena kabla ya mwaka kuisha. Baadhi ya betri za bei ya chini zinazouzwa mitaani huanguka kwenye jaribio hili zikiwa bado kwenye pakiti, basi jaribu moja kabla ya kununua kisanduku kizima.

Upande wa bodi, kinga ni kapasita kubwa sambamba na betri. Watu huweka ya mikrofaradi 10 kwa sababu ndiyo waliyoiona kwenye mchoro wa mtu mwingine. Tufanye hesabu. Miliampia 10 kwa milisekunde 3 ni mikrokulombi 30. Ukizitoa zote kwenye kapasita ya mikrofaradi 10, volti zitashuka 3, maana yake hakuna kitakachobaki. Kwenye kapasita ya mikrofaradi 100 zinashuka 0.3 tu, na betri inapata muda wa kuijaza polepole chipu ikiwa imelala. Kwa hiyo ni 100, si 10. Chagua yenye uvujaji mdogo, kwa kuwa kapasita inayovujisha mikroampia 5 inakula umeme karibu sawa na ule redio inaoutumia.

Kihisio nacho kinakula

Hapa kuna mtego ambao haumo kwenye vitabu vya redio, nao umewaangusha wengi. Kihisio maarufu cha joto ni DS18B20, kile chenye waya mrefu na ncha ya chuma, kinachopatikana kwa urahisi Luthuli Avenue jijini Nairobi. Kinataka volti zisizopungua 3.0. Betri ya CR2032 inaanza kwa 3 na kuteremka. Maana yake ni kwamba kwa sehemu kubwa ya maisha ya betri kihisio kinafanya kazi nje ya kipimo alichokiruhusu mtengenezaji, na usomaji wake hauna dhamana hata kama unaonekana sawa.

Tena kila kinapopima kwa usahihi wake wa juu, DS18B20 huchukua hadi milisekunde 750 kikivuta miliampia 1 au zaidi kidogo. Hizo ni mikrokulombi 750, mara 25 ya zile za redio. Mtu anahangaika kupunguza matangazo ya Bluetooth kumbe anayemaliza betri ni kipima joto. Kwa tangi la maziwa, pima mara moja kwa dakika. Maziwa ya lita elfu hayabadiliki joto kwa sekunde tano. Bora zaidi, tumia themista ya kilo-omu 10, ambayo inasomeka hata volti zikishuka, na uipe umeme kutoka kwenye pini ya chipu ili izimwe ikishasomwa.

Chipu ya ESP32-C3 na betri bapa haviendi pamoja

ESP32-C3 ya kampuni ya Espressif ni ya bei nafuu, ina Wi-Fi na Bluetooth, na vijana wengi wameanza nayo kwa sababu mafunzo yake yamejaa kwenye intaneti. Ni chipu nzuri. Lakini Wi-Fi yake ikitangaza kwa nguvu zote huvuta hadi miliampia 335, na mtengenezaji anashauri chanzo kinachoweza kutoa miliampia 500. Inataka volti zisizopungua 3.0. Rudi kwenye omu 20 za betri bapa: hata miliampia 100 peke yake zinapoteza volti 2. Hakuna kapasita itakayookoa hali hiyo. Ukiletewa kifaa cha ESP32-C3 chenye CR2032, kirudishe.

Chipu hii inataka betri ya lithiamu ya kuchajiwa, kama ile ya duara ya 18650. Hapo unaingia kwenye swali la kidhibiti volti, nalo linastahili muda, kwa sababu kidhibiti kinachowekwa na karibu kila mtu, AMS1117 ya volti 3.3, hakifai kabisa kwa kazi hii. Kwanza, kinahitaji kuingiziwa volti zipatazo 1 zaidi ya zile kinazotoa. Betri ya lithiamu hukaa muda mrefu kwenye 3.7, hivyo kinachotoka ni 2.7 au pungufu, chini ya mahitaji ya chipu. Pili, chenyewe hutumia miliampia 5 hivi hata chipu ikiwa imelala fofofo. ESP32-C3 kwenye usingizi mzito hutumia mikroampia 5. Mlinzi anakula mara elfu moja ya anayemlinda. Betri ya miliampia-saa 2,000 inaisha kwa saa 400, siku 16 au 17, bila kifaa kutuma hata neno moja. Wiki mbili za ukimya tulizozitaja mwanzoni zinatoka hapa.

Kwenye nafasi hiyo weka kidhibiti kinachokula mikroampia chache, kama HT7333 au MCP1700. Vyote viwili vinatoa hadi miliampia 250, vinatosha kwa Bluetooth peke yake ukiwa na kapasita ya kutosha upande wa kutokea. Ukiwasha Wi-Fi, tafuta kikubwa zaidi.

Bado kuna zile kapasita ndogo za nanofaradi 100. Mchoro wa mtengenezaji unazionyesha, na kila mtu huziweka, lakini nyingine huwekwa sentimita 2 kutoka kwenye chipu kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Kila milimita ya shaba nyembamba ina takriban nanohenri 1, na katika masafa ya Bluetooth hiyo ni kama omu 15. Sentimita 2 ni omu 300. Kapasita iliyo mbali hivyo ipo kwenye karatasi tu. Iwe milimita 1 au 2 kutoka kwenye pini yake, na upande wake wa pili uteremke moja kwa moja kwenye shaba ya graundi kupitia tundu lake lenyewe.

Jambo la mwisho la umeme ni la wanaotumia nRF52832. Ndani yake mna kigeuza volti kinachopunguza matumizi ya redio karibu nusu, lakini kinahitaji koili mbili nje, ya mikrohenri 10 na ya nanohenri 15. Ukiziacha ili kupunguza gharama, ni sawa. Ila hakikisha programu haiwashi kigeuza hicho. Ikikiwasha bila koili, chipu inakufa papo hapo kila inapoamka, na utaitupa ukidhani imeungua.

Antena ni umbo, si waya

Bluetooth hutumia masafa kati ya megahezi 2,400 na 2,483.5. Wimbi la masafa hayo lina urefu wa sentimita 12 hivi hewani, na robo yake ni sentimita 3. Antena nyingi ndogo ni robo hiyo ya wimbi, iliyofupishwa kidogo kwa kuwa imelala juu ya bodi ya nyuzi za kioo, na mara nyingi imekunjwakunjwa ili ienee. Kwa kuwa ni shaba ya bodi yenyewe, haina bei. Ndiyo maana chipu za bei nafuu huipenda, na ndiyo maana pia ni rahisi kuiharibu: hakuna kitu cha kununua, basi mtu anadhani anaweza kuichora atakavyo.

Usiichore kwa kubuni. Kampuni ya Texas Instruments imetoa michoro miwili ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia. Mmoja, DN007, ni antena yenye umbo la herufi F iliyolazwa, inayohitaji nafasi ya milimita 25.7 kwa 7.5. Mwingine, AN043, imekunjwa na inatosha kwenye milimita 15.2 kwa 5.7. Kubwa inasikika vizuri zaidi, na kama sanduku lako lina nafasi hakuna sababu ya kuchukua ndogo. Nakili kila kipimo, pamoja na unene wa bodi. Anayefupisha tawi moja kwa milimita 2 ili skurubu ipite amehamisha antena yake nje ya masafa ya Bluetooth.

Chini ya antena pasiwe na shaba yoyote, kwenye tabaka lolote la bodi. Programu za kuchorea hujaza graundi zenyewe kila palipo wazi, na usipoizuia kwa mkono itajaza hapo pia. Antena ikae ukingoni mwa bodi, ikitazama nje. Graundi iliyo nyuma yake si pambo, ni nusu ya pili ya antena, hivyo bodi iliyokatwakatwa hadi ikabaki kama kucha itasikika kama kucha. Na betri isikae karibu. CR2032 ni sahani ya chuma yenye kipenyo cha milimita 20. Kuna bodi za bei ya chini zilizoiweka nyuma ya antena kabisa ili kifaa kiwe kidogo, na hakuna programu inayoweza kurekebisha hilo.

Njia kutoka kwenye pini ya redio hadi kwenye antena inatakiwa iwe ya omu 50. Omu hizo hutokana na upana wa njia na umbali wake kutoka kwenye graundi iliyo chini. Kwenye bodi ya kawaida ya tabaka mbili, unene wa milimita 1.6, upana unaohitajika ni kama milimita 3, na hapo wengi hushtuka kwa sababu pini ya chipu yenyewe haifiki nusu milimita. Unaweza kuleta graundi pembeni pia: njia ya milimita 1, na pengo la milimita 0.15 hadi 0.2 kila upande, hukupa kati ya omu 50 na 55. Vikokotoo vya hesabu hii ni vya bure, na programu ya KiCad inacho chake. Njia ikiwa fupi sana, milimita 4 au 5, kosa dogo la upana halitakuangusha. Ikivuka bodi nzima, litakuangusha. Kuhusu kona za nyuzi 90, wazee wa redio huzikemea sana; katika masafa haya na kwenye njia fupi, kona si adui mkubwa. Adui ni njia ndefu, na graundi iliyokatika chini yake.

Katikati ya njia acha nafasi tatu za vipande vya kulinganisha: moja ikifuata njia, na mbili zikishuka kwenye graundi, moja kila upande. Mwanzoni weka rezista ya omu 0 ile ya kati na uziache tupu zile mbili. Bodi ikija na antena imehama kidogo, unaweza kuirudisha kwa kapasita au koili ndogo bila kuagiza bodi nyingine. Kifaa cha kupimia antena siku hizi kinapatikana kwa bei ambayo chuo kinaweza kumudu, lakini soma maelezo kabla ya kulipa: NanoVNA za mwanzo haziifikii megahezi 2,400. Zilizoandikwa kuwa zinafika gigahezi 3 ndizo zinazofaa.

Asiyetaka yote haya anunue moduli, ambayo ni chipu ikiwa na antena yake tayari. Kwa kikundi kinachotengeneza vifaa chini ya mia moja, huo ndio ushauri wangu. Ila moduli nayo ina masharti. Espressif inataka milimita 15 zisizo na shaba wala chuma kuzunguka antena ya moduli zake. Kuichomea katikati ya bodi, juu ya graundi, ni kulipia antena na kuifunika.

Mbele ya tangi lenyewe

Pima kwa simu. Programu ya nRF Connect ni ya bure na huonyesha nguvu ya mawimbi ya kila kifaa kilicho karibu. Namba huwa na alama ya kutoa, na inayokaribia sifuri ndiyo yenye nguvu. Weka kifaa mita 1 kutoka kwenye simu, juu ya mbao wala si chuma, ukizungushe polepole na usome mara kadhaa. Kifaa kizima kinachotangaza kwa nguvu ya kawaida hukupa kati ya −50 na −65. Ukiona −80 kwa umbali huo, antena ina tatizo. Kila desibeli 6 unazopoteza zinapunguza umbali kwa nusu mahali pa wazi. Desibeli 20 zinakuachia sehemu moja ya kumi. Kilichokuwa kisikike mita 30 kinasikika mita 3.

Kisha rudia kipimo kifaa kikiwa ndani ya sanduku lake la plastiki, na halafu kikiwa kwenye tangi. Hapa ndipo kazi nzuri ya karakana hupotea. Tangi ni chuma kisichoshika kutu, na ndani yake ni maziwa, ambayo sehemu kubwa ni maji. Antena iliyobandikwa bapa juu ya chuma inatupa mawimbi, chuma kinayarudisha kinyume, na yanafutana. Gundi yenye unene wa milimita 2 haisaidii. Weka kibanio cha plastiki kinachoitenga antena na chuma kwa sentimita 3 hivi, na kihisio peke yake ndicho kiguse tangi kupitia waya wake. Ukiweza, funga kifaa juu ya kiwango cha vichwa vya watu, maana mwili wa binadamu nao ni maji na unameza mawimbi haya.

Anayekusudia kuuza, si kutengenezea darasani tu, ajue kwamba vifaa vya redio vinavyouzwa nchini vinatakiwa kuidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, hata vile vya Bluetooth ambavyo mtumiaji wake hahitaji leseni ya masafa. Mamlaka huomba ripoti za vipimo, na moduli iliyokwisha kupimwa na mtengenezaji wake huja na nyingi ya karatasi hizo. Kwa kikundi kinachoagiza vifaa kutoka kwa fundi, omba mambo matatu kabla ya malipo ya pili: nguvu ya mawimbi kwa mita 1 kikiwa ndani ya sanduku, matumizi ya umeme kikiwa kimelala, na siku moja ya majaribio kwenye tangi lenu wenyewe.